Kompyuta ipi ikufae? Anza na yale yasiyobadilika

Laptopu yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya stika. Ilikuwa imebandikwa pembeni ya kibodi, inang'aa, imeandikwa i7, na muuzaji alikuwa akiigonga kwa kidole kila nilipouliza swali. Saba ni kubwa kuliko tano, nikajisemea, nikalipa. Kumbe ndani mlikuwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) i7-4600U, ya mwaka 2013, yenye viini viwili tu vya kufanyia kazi; diski ya kuzunguka; RAM (kumbukumbu ya kazi ulizofungua) ya GB 4; na kioo cha nukta 1366 kwa 768 ambacho ukisogeza kichwa kidogo rangi zote zinageuka kama negativu ya picha.

Diski niliibadilisha, nikaweka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. RAM nikaongeza. Mashine ikafufuka, nisiidhulumu. Ila prosesa ilibaki ile ile, kwa kuwa imechomelewa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya mashine, na kile kioo nilikikodolea macho miaka mitatu. Tangu hapo, kila anayeniomba ushauri wa kununua kompyuta namwambia aigawe mafungu mawili: vitu vinavyoweza kubadilishwa baadaye, na vitu utakavyoishi navyo mpaka mashine ife. Pesa ielekee kwanza kwenye fungu la pili. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kufuata hilo, na zinamfaa anayenunua mpya na anayenunua iliyotumika.

Hatua ya 1: Andika kazi zako, tena kwa majina

Kabla ya kuangalia tangazo lolote, chukua karatasi na kwa wiki moja andika kila unachofanya kwenye kompyuta. Usiandike "kazi za ofisi", maana hilo halimwambii mtu kitu. Andika "jedwali la Excel lenye mistari elfu thelathini", "mkutano wa Zoom wa saa mbili huku kivinjari kina tabo kumi na tano", "kuhariri picha za kamera, mia mbili kwa mkupuo". Mali bila daftari hupotea bila habari, na pesa nyingi za kompyuta hupotea hivyo: mtu ananunua mashine ya kazi asizozifanya.

Kazi za "ipo siku" ziandike upande wa pili wa karatasi. Namfahamu zaidi ya mtu mmoja aliyebeba laptopu ya kilo mbili na nusu kwa miaka kadhaa kwa sababu aliwaza kwamba ataanza kuhariri video. Hakuanza. Mgongo ndio ulioanza kuuma.

Kama tayari una kompyuta ya Windows, iulize yenyewe. Siku yenye kazi nyingi, ukiwa umefungua kila unachofungua kwa kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha, nenda sehemu ya Performance, kisha Memory. Ukikuta RAM imetumika GB 7.3 kati ya 8, umeshapata jibu ambalo hakuna muuzaji angekupa: unahitaji 16. Ukikuta imetumika 4.5, kinachoifanya mashine iwe polepole kiko kwingine, pengine kwenye diski. Hapo hapo angalia CPU, yaani prosesa. Ikikaa chini ya asilimia 30 siku nzima, prosesa ya bei mbaya haitakusaidia chochote.

Karatasi ile itakuonyesha uko upande gani. Anayeandika, anayesoma, anayevinjari na kuangalia video anaweza kutosheka na karibu mashine yoyote ya miaka ya karibuni, kwa hiyo akili yake yote aielekeze kwenye kioo na kibodi. Mwandishi wa programu za kompyuta na mwenye majedwali makubwa watazame RAM. Wa video, michoro ya 3D na michezo mikubwa watazame kadi ya grafiki, ile inayochora picha za skrini, na jinsi mashine inavyojipoza. Halafu kuna kundi linalosahaulika: mtu mwenye programu moja tu, labda ya uhasibu au ya kuchora ramani za majengo, ambayo bila hiyo hana kazi. Huyo anaanzia hatua ya pili.

Hatua ya 2: Acha programu zichague mfumo endeshi

Nenda kwenye tovuti ya kila programu uliyoiandika, tafuta inahitaji mfumo gani. Ikisema Windows pekee, umemaliza. Mjadala wa Mac dhidi ya Windows waachie wenye muda.

Kwa Windows kuna tarehe ya kukumbuka. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali kila mashine. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel, ukiacha chache za kizazi cha 7, inaanzia kizazi cha 8, na kwa AMD inaanzia, kwa sehemu kubwa, Ryzen za mfululizo wa 2000. Laptopu za zamani zaidi ya hapo bado zinauzwa zikiwa na Windows 11 iliyoingizwa kwa njia za panya. Leo inawaka vizuri, ila Microsoft haikuahidi kwamba mashine kama hiyo itaendelea kupata masasisho. Ukiwa na nia ya kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure, Mint kwa mfano, mashine hiyo hiyo inaweza kukutumikia kwa heshima miaka mingine mingi.

Mac zenye prosesa za Apple zenyewe, kuanzia M1 iliyotoka mwishoni mwa 2020, zina utulivu na betri ya kusifiwa. Lakini hapa lile fungu la pili linakuwa kubwa mno: kwenye MacBook hizo RAM haiongezwi, na diski ya ndani nayo imechomelewa. Unachochagua siku ya kununua ndicho hicho mpaka mwisho.

Zipo pia laptopu za Windows zenye prosesa za ARM, usanifu tofauti na ule wa Intel na AMD, kama Snapdragon. Programu nyingi za kawaida zinafanya kazi humo kwa kutafsiriwa papo kwa papo. Kinachogoma ni vifaa: printa ya zamani, skana, mashine ya vipimo, chochote kinachohitaji draiva (programu inayounganisha kifaa na mfumo) ambayo mtengenezaji hakuiandika kwa ajili ya ARM. Kama una kifaa cha namna hiyo mezani, thibitisha kwanza.

Na Chromebook, laptopu zenye mfumo wa Google? Inamfaa mtu ambaye kazi zake zote zimo ndani ya kivinjari. Angalia tarehe ya mwisho ya masasisho ya modeli husika kabla ya kulipa, kwa sababu Google huihesabu tangu modeli ilipotoka, si tangu siku uliyoinunua wewe. Iliyokaa rafuni miaka minne imeshapoteza minne.

Hatua ya 3: Mezani au mpakato

Hili halihitaji maneno mengi. Jiulize mwezi uliopita ulihitaji mara ngapi kubeba kompyuta kutoka chumba kimoja kwenda jengo lingine. Kama jibu ni sifuri au mara moja, kompyuta ya mezani itakupa nguvu zaidi kwa pesa ile ile, itapoa vizuri zaidi, na kikiharibika kitu kimoja unabadilisha hicho hicho. Laptopu ina faida moja ambayo watu wa mezani huisahau mpaka umeme ukatike katikati ya kazi: betri yake. Wa mezani aweke fungu la kununua UPS, betri ya akiba umeme ukikatika.

Vile vikompyuta vidogo vya mezani vinavyoenea kiganjani vinatumia prosesa za laptopu. Ni vizuri kwa kazi nyepesi, ila usivipime kama mashine kubwa za mezani.

Hatua ya 4: Soma jina la prosesa herufi kwa herufi

Chukua i5-8250U. Hiyo i5 ni daraja. Tarakimu 8 ni kizazi. U mwishoni ina maana kwamba imetengenezwa itumie umeme kidogo. Ingekuwa H ingekuwa na nguvu zaidi, joto zaidi na betri fupi zaidi. Sasa ilinganishe na ile i7-4600U ya kwangu: kizazi cha 4, viini 2. Ile i5 ya kizazi cha 8, ya mwaka 2017, ina viini 4. "Tano" inaiacha "saba" mbali, na stika haikuambii.

Kuanzia kizazi cha 10 tarakimu za mwanzo zinakuwa mbili, kwa hiyo i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11 na i5-12450H ni ya 12. Mwishoni mwa 2023 Intel wakaanza kuiacha ile herufi i, ndiyo maana sasa unaona Core 5 au Core Ultra 7.

AMD nao wana mtego wao. Kwenye laptopu za Ryzen za mfululizo wa 7000, tarakimu ya kuangalia ni ya tatu. Ryzen 5 7520U ina 2 mahali hapo, yaani imejengwa kwa usanifu wa Zen 2, ambao ulitoka mwaka 2019. Ryzen 5 7540U ina 4, yaani Zen 4. Majina mawili yanayofanana kama mapacha, na kati yao kuna vizazi viwili.

Kwa bei ya chini kabisa, Intel N100 yenye viini 4 inatosha kwa kuandika na kuvinjari. Celeron za viini viwili kama N4020 ziache, hata zikiwa kwenye mashine mpya yenye boksi zuri. Ukibabaika kati ya prosesa mbili, tafuta mtandaoni matokeo ya majaribio yanayozilinganisha kwa majina kamili. Dakika tano zinatosha.

Hatua ya 5: Uliza kama RAM imechomelewa

Kama kuna swali moja tu utakaloondoka nalo hapa, liwe hili. Wauzaji wengi hawalitarajii, na utaona kwa jinsi wanavyokutazama.

RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia sehemu ya kazi zako kwenye diski na kuirudisha kila unapoihitaji. Unabofya tabo, inakaa nyeupe kwa sekunde tatu, ndipo inafunguka. Unahama kutoka Word kwenda kwenye mkutano wa video, sauti inakatika. Watu wanasema "kompyuta imechoka", wakati haijachoka, imebanwa nafasi. Microsoft wanataja GB 4 kuwa kiwango cha chini cha Windows 11. Kuwaka itawaka. Mimi nasema 8 ndiyo sakafu, 16 ndiyo ya mtu anayetaka kukaa na mashine miaka mitano, na 32 ni ya mwenye sababu anayoweza kuitaja, kama kuhariri video au kuendesha kompyuta pepe ndani ya kompyuta.

Sasa, kama mashine ina sloti, yaani nafasi ya kuchomeka kipande cha RAM, unaweza kununua ya GB 8 leo na kuongeza nyingine ukipata nafasi. Kama imechomelewa, GB 8 ya leo ni GB 8 ya miaka yote. Utajuaje? Soma karatasi ya sifa za modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ukikuta neno soldered au onboard, imechomelewa. Ukikuta LPDDR4x au LPDDR5, ichukulie kuwa imechomelewa mpaka mtu akuthibitishie vinginevyo. Ukikuta SO-DIMM, ipo sloti. Nyingine ni nusu kwa nusu: GB 8 imechomelewa, na sloti moja iko wazi. Hizo si mbaya hata kidogo.

Jambo dogo kwa wasio na kadi ya grafiki ya peke yake: vipande viwili vya GB 8 huwa na kasi kuliko kimoja cha GB 16, kwa kuwa prosesa inavisoma vyote kwa wakati mmoja, na grafiki ya ndani inatumia RAM hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Diski, ile unayoweza kuivumilia

Diski ya kuzunguka ya laptopu husoma takriban MB 100 kwa sekunde. SSD ya SATA, aina ya zamani zaidi, hufika karibu 550. SSD ya NVMe ya PCIe 3, aina mpya zaidi, hufika kama 3,500. Ukizitazama namba hizo utadhani mruko mkubwa ni wa mwisho, lakini mkononi ni wa kwanza. Kuwasha mfumo na kufungua programu ni kusoma vijifaili vingi vidogo vilivyotawanyika, na hapo diski ya kuzunguka, ambayo lazima isogeze kichwa chake kila mara, ndipo inapokufa. SSD yoyote inaondoa ugonjwa huo. Usilipe ziada kubwa kwa ajili ya NVMe yenye kasi ya kutisha kama kazi yako ni barua na majedwali.

Kinachotakiwa kukimbiwa ni eMMC, hifadhi ya aina duni, ya GB 64 kwenye laptopu za bei ya chini. Imechomelewa, ni ya polepole, na masasisho ya Windows yataimaliza nafasi kabla hujahifadhi chochote chako.

Na ukinunua SSD ya GB 512 halafu Windows ikakuonyesha 476, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows inagawa kwa 1,073,741,824. Ukiona 238, hiyo ni ya 256.

Hatua ya 7: Kioo, kibodi na mwili wa mashine

Hapa ndipo watu huokoa pesa na kujutia kila siku. Kioo cha laptopu kinaweza kubadilishwa na fundi, ndiyo, ila mara nyingi ni gharama na usumbufu ambao hutautaka.

Kiwango cha chini kiwe 1920 kwa 1080, aina ya IPS au OLED, ambazo rangi hazigeuki ukikaa pembeni. Kama unaandika au kusoma sana, tafuta kile chenye urefu zaidi, 1920 kwa 1200. Mistari ile michache ya ziada utaizoea kiasi cha kutotaka kurudi nyuma. Mwanga hupimwa kwa niti. Niti 250 zinatosha chumbani. Karibu na dirisha kubwa taka 300 kwenda juu, na anayefanya kazi nje asikubali chini ya 400. Kwenye karatasi ya sifa ukikutana na maandishi 45% NTSC, ujue rangi zake zimepauka. Kwa kuandika si neno, lakini anayehariri picha atafute 100% sRGB.

Muhimu: jina moja la laptopu linaweza kuuzwa na vioo viwili au vitatu tofauti. Dada yako anaweza kuwa na ile ile unayoitaka, kioo kizuri, na wewe ukapata mbovu. Linganisha namba kamili ya modeli, ile ndefu yenye herufi na mistari iliyobandikwa chini ya mashine au kwenye boksi, si jina la tangazo.

Kibodi ijaribu kwa kuandika aya nzima. Usibofyebofye herufi mbili ukasema nzuri. Fungua programu ya maandishi, andika kwa dakika tatu jambo lolote, uangalie vidole vinakosea wapi. Angalia kitufe cha kuwashia hakijakaa ubavuni mwa Delete. Kisha inua kifuniko kwa kidole kimoja, na bonyeza katikati ya kibodi uone kama mwili unabonyea. Uzito upime pamoja na chaja, kwa sababu utavibeba vyote.

Betri isome kwa Wh (wati-saa), si kwa "hadi saa 14". Hesabu yake ni nyepesi: gawa Wh kwa wati zinazotumika. Betri ya Wh 50, mashine ikitumia wati 8 ukiandika na kusoma, ni kama saa sita. Ukiingia mkutano wa video na matumizi yakapanda hadi wati 16, ni saa tatu na kitu. Zile saa za tangazo mara nyingi zimepimwa kwa kuchezesha video moja, mwanga umeshushwa.

Tundu nazo zihesabu dhidi ya vifaa ulivyonavyo. USB-C ni umbo tu la tundu. Nyingine inapitisha faili peke yake, nyingine inachaji, nyingine inatoa picha kwenda kwenye skrini ya nje. Karatasi ya sifa ikitaja Power Delivery, inachaji. Ikitaja DisplayPort, inatoa picha. Isipotaja, usidhanie.

Kadi ya grafiki nimeiacha mwisho kwa makusudi, wengi hamuihitaji. Wanaoihitaji wakumbuke kwamba kwenye laptopu jina halitoshi. RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa umeme kuanzia wati 35 hadi 115, na hizo ni mashine mbili tofauti kabisa. Ulizia wati, na ulizia kumbukumbu ya kadi yenyewe, maana haiongezwi.

Hatua ya 8: Kama ni iliyotumika, ikague kwa mpangilio

Mimi mwenyewe napendelea laptopu za kikazi zilizotumika miaka mitatu au minne, kama ThinkPad za T, Latitude au EliteBook, kuliko mpya za bei ya chini. Zina bawaba imara, kibodi nzuri, na vipuri vyake vinapatikana. Lakini lazima ukague, na ukaguzi una mpangilio wake. Nenda na flashi, spika za masikio, na nusu saa ya subira. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika.

Ukifika, ishike chini. Kama ina joto, imeshawashwa, na pengine kuna dosari ya kuwaka ikiwa baridi. Iweke mezani, uitazame kwa ubavu: mwili ukiwa unayumba, au padi ya kugusa imeinuka, betri imevimba. Usiibonyeze. Aga, ondoka.

Washa, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, kwa kubonyeza F1, F2, F10 au Delete kutegemea kampuni. Ikidai nywila na muuzaji haijui, hapo biashara imekwisha.

Ikishawaka kabisa, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32. Soma jina la prosesa kwa macho yako, na umpe muuzaji stika yake. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza faili na kukuonyesha ilipo, ifungue. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo betri iliyozaliwa nao, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo iliobaki nao. Tuseme ya kwanza ni 57,000 mWh na ya pili ni 34,200. Gawa: asilimia 60. Ile Wh 57 uliyosoma kwenye tangazo sasa ni 34, na hapo una hoja ya kushusha bei, kwa sababu betri ni kitu cha kubadilisha. Afya ya diski itazame kwa programu ya CrystalDiskInfo, ambayo inaweza kutumika moja kwa moja kutoka kwenye flashi.

Halafu mikono: fungua picha nyeupe, nyeusi, nyekundu, utafute nukta zilizokufa. Bonyeza kila kitufe. Chomeka flashi kwenye kila tundu, usiruke hata moja. Kamera, maikrofoni, spika. Washa video kwa dakika kumi usikilize feni. Ikiunguruma tangu mwanzo, imejaa vumbi au bomba la joto lina tatizo. Ikiwa inacheza, chomoa chaja. Ikizima papo hapo, betri haipo, iliyopo ni pambo.

Mwisho ni kufuli zisizoonekana. Jamaa yangu alinunua laptopu safi kabisa, akaiformati, ilipowaka ikamkaribisha kwa jina la kampuni ambayo hajawahi kuifanyia kazi, ikamtaka aingie kwa akaunti ya kampuni hiyo. Ilikuwa bado imesajiliwa huko, na kuiformati tena hakusaidii, maana kila ikipata intaneti inakumbuka mwenye mali. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "usiiformati, nimeshakuwekea kila kitu", hiyo ndiyo sababu ya kuomba iformatiwe mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti, na uifuate mpaka ifike kwenye skrini ya mwanzo ya Windows. Kwa Mac, muuzaji aondoe akaunti yake, aifute yote, na wewe uianzishe upya kabla pesa haijatoka mfukoni. Ikionyesha Activation Lock, kufuli ya akaunti ya Apple, si yake kuiuza, au ni yake na hakumbuki nywila. Kwako wewe yote ni mamoja.

Hatua ya 9: Pesa ikipungua, punguza wapi

Itapungua, hupungua daima, hasa ukishaondoa fungu la begi, kipanya, diski ya nje ya kuhifadhia nakala na leseni za programu. Anza kupunguza ukubwa wa diski, kama inabadilishika. Kisha RAM, kama kuna sloti, na kwa sharti kwamba utaiongeza. Kisha shusha daraja la prosesa, i7 iwe i5, ila usirudi nyuma vizazi viwili kwa ajili ya kulinda ile namba saba. Kioo na kibodi usiviguse. Zikigongana mashine mbili na huwezi kuamua, chukua nyepesi.

Hatua ya 10: Siku za mwanzo

Mashine mpya au ya dukani huwa na siku kadhaa za kurudishwa, na watu wengi huzimaliza wakipamba mandhari ya skrini. Zitumie kuitesa. Siku ya kwanza weka masasisho yote, na uache mashine imalize shughuli zake za ndani kabla ya kuilaumu kuwa nzito. Siku ya pili chukua ile karatasi ya hatua ya 1 ufanye kazi zote zilizoandikwa, kwa pamoja, kama siku yako mbaya kuliko zote. Fungua tena lile dirisha la Ctrl, Shift na Esc.

Usiku, ifunge kifuniko betri ikiwa imejaa na chaja imechomolewa. Asubuhi ikipungua asilimia chache tu, sawa. Ukiikuta imekufa au ina joto ndani ya begi, hailali inavyopaswa. Jaribu kusasisha BIOS na draiva, na ikirudia usiku wa pili, irudishe. Piga picha ya namba ya utambulisho iliyo chini yake na ya risiti, utumie barua pepe yako mwenyewe. Tengeneza flashi ya kurejesha mfumo ukiwa bado na kompyuta inayowaka. Boksi na vile vipande vya plastiki usivitupe mpaka siku ya mwisho ya kurudisha ipite.